Wino wa Zambarau wa Somoe

Juzi nilikuwa nimekaa Nangurukuru, kwenye kibanda cha chai kando ya lami, akapita mmoja wenu na gari la wagonjwa. King'ora kinalia, taa zinazunguka, na mwendo wa kukimbiza mwizi. Nikamuuliza mama wa chai, kabeba nani yule? Akasema, bibi mmoja wa huku kwetu, ana kansa, anapelekwa Dar.

Nikaweka kikombe chini.

Vijana wangu mnaoshika usukani wa magari haya, mgonjwa wa kansa hakimbizwi. Wa ajali mkimbize. Mama wa uzazi aliyekwama mkimbize. Mtoto wa degedege mkimbize hadi injini ilie. Lakini wa kansa, ugonjwa wake umeshakaa naye siku nyingi kuliko safari yenu. Ukimfikisha Dar mapema hujamsaidia kitu, na kila tuta uliloliruka umempiga nalo. Hilo nilifundishwa nikiwa nimelala chali, na aliyenifundisha hakunipa mto.

Mzee Mkwanda ndiye aliyekuwa dereva wa Land Rover ya hospitali yetu kabla yangu. Mimi nilikuwa mtu wa kiguu na njia. Nilizaliwa Mingoyo, shule niliiacha darasa la tano, nikapita kwenye mashamba ya mkonge, nikapita kwenye chumvi, nikawa utingo wa malori kisha dereva, nikabangua korosho kiwandani mpaka serikali ilipoanza kujitoa kwenye biashara na kiwanda kikafungwa milango. Siku hizo kila mtu alikuwa anapunguzwa kazi. Mimi nikaongezwa, maana Mzee Mkwanda macho yalikuwa yamemwishia na hospitali ilitaka mtu anayeijua barabara ya Dar.

"Unajua kuendesha?" akaniuliza siku ya kwanza.

"Najua, mzee. Nimeendesha lori la chumvi miaka."

"Sikukuuliza la chumvi. Chumvi hailii. Panda nyuma, lala kwenye machela."

Nikadhani mzaha. Akawasha gari, akanipeleka kutoka Nangurukuru mpaka Somanga nikiwa nimelala kule nyuma, na kila shimo alilolijua alilipitia, na nadhani mengine alirudi kuyatafuta. Tulipofika nikashuka nimeshika kiuno kama bibi. Akaniuliza lipi limeniuma zaidi. Nikamwambia, siyo shimo kubwa mzee, ni lile dogo ambalo sikulitegemea. Akacheka, akasema basi nimefaulu. Kuanzia siku ile nikashika desturi yake: kabla ya kila shimo unapaza sauti, "Jikaze!" Mkishavuka unasema, "Pumua." Mgonjwa anakuwa amejiandaa. Nimeyasema maneno hayo mawili mara nyingi kuliko jina langu.

Mengine nitawapa njiani. Kwanza niwaambie habari za watu wawili, maana kila ninachokijua juu ya kubeba mgonjwa wa kansa nilikijua kwa kuwabeba wao.

Walikuwa Wamatumbi wa Njinjo, wakulima wa ufuta na muhogo. Mume Bakari, mke Somoe, na binti yao Zuhura alikuwa ameshaolewa upande wa Liwale. Njinjo nilikuwa nafika kila mara na masanduku ya chanjo, hivyo sura zao nilizijua. Bakari mrefu, mpole, maneno yake ya kupimwa. Somoe mfupi, mdomo wake hauna breki. Aliposikia mimi Mmwera, akasema serikali imekosa watu mpaka inatuma Mmwera kuleta dawa, si atazila njiani. Nikamwambia dawa za Wamatumbi hazilambiki, zina uchungu wa roho zenu. Tukawa watani tangu hapo, na mimi nikamwita shemeji.

Alianza kutokwa na damu siku zisizo zake. Zahanati ikampa vidonge, vikaisha, wakampa vingine. Mama mmoja akasema ni shetani wa mtoni, wakamfukiza. Halafu majirani wakaanza maneno ya pembeni, kwamba Bakari alikwenda Dar kuuza ufuta akarudi na ukimwi. Miaka ile kila ugonjwa usiopona ulipewa jina hilo. Bakari hakumjibu mtu. Siku niliyofika na chanjo alikuja kwenye gari akashika mlango.

"Dereva, kuna nafasi ya watu wawili?"

"Wawili wa nini, shemeji?"

"Mimi na mama Zuhura. Twende tukaambiwe ukweli na mtu asiye jirani yetu."

Hospitalini daktari wetu, kijana aliyechoka, alimpima akatoka ameinamisha kichwa. Alikata kinyama kidogo akakitia kwenye chupa yenye maji makali ya kuhifadhia, kikapimwe Dar. Chupa hiyo niliibeba mimi mwenyewe kwenye mfuko wa shati, nimeifunga kwenye kitambaa. Kumbukeni hakukuwa na simu za mkononi. Majibu yalirudi kwa redio ya upepo baada ya muda mrefu sana, na sauti ile ya kukwaruza ikamwambia daktari ni saratani ya shingo ya kizazi, aletwe haraka apate mionzi.

Daktari akamwita Bakari peke yake. Huo ndio ulikuwa utaratibu, mume kwanza. Bakari akatoka, akanikuta naosha gari.

"Usimwambie," akasema. "Nimemwambia ni kidonda, kinakwenda kuchomwa Dar."

Nikaendelea kuosha. Kesho yake Somoe mwenyewe akaja kunisalimia pale pale kwenye gari.

"Shemeji, usimwambie Baba Zuhura kwamba najua ni kansa. Atashindwa kula."

Nikabaki na ndoo mkononi. Nilikuwa nimebeba siri moja kwa watu wawili, na wote wawili walikuwa nayo.

Sasa safari. Ninyi mna lami mpaka Dar na daraja juu ya Rufiji. Sisi tulikuwa na mchanga wa Somanga, udongo wa Muhoro unaoganda kwenye matairi kama unga wa ngano, halafu kivuko cha Ndundu. Kwa mgonjwa wa namna ile nilipunguza upepo wa matairi ili gari likanyage laini. Nilitandika magunia ya makumbi ya nazi chini ya godoro, maana makumbi yanarudi juu yakikandamizwa, nyasi hazirudi. Kichwa nilikielekeza mbele. Na nilitia mkaa kwenye kopo lililotobolewa nikalifunga chini ya machela. Hilo la mkaa nawaomba mlishike. Ugonjwa ule una harufu, na mgonjwa anaijua kabla yenu. Mkaa unaipunguza. Lakini usiuweke mbele ya macho yake, na ukiulizwa sema ni wa kupikia chai.

"Mkaa wa nini kule chini?" Somoe akauliza tulipofika Somanga.

"Wa chai, shemeji."

"Mmwera muongo. Mbona hujabeba sufuria?"

Bakari alikaa sakafuni kando yake, mgongo kwenye ubavu wa gari, na kiganja chake chini ya kiuno cha mkewe. Kila nikipaza sauti "Jikaze!" alimnyanyua kidogo. "Pumua," alimshusha. Nilitazama kwenye kioo. Nilipofika Ndundu kiganja chake kilikuwa kimevimba.

Kwenye kivuko abiria walitukwepa. Mwanamke mmoja muuza samaki wa kukaanga alisogea, akatazama ndani, akasema, "Pole mama. Una nini?"

"Nina mume," Somoe akasema. "Ananikalia kama deni."

Yule mama akacheka mpaka sinia likayumba. Bakari naye akacheka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kumsikia akicheka kwa sauti.

Dar walifikia Mbagala kwa shangazi yake Bakari, Bi Mwajuma, nyumba iliyojaa wanawake, na hospitali ilikuwa inatibu kansa bure, isipokuwa kufika, kula, kulala, na glavu ambazo siku hizo mgonjwa alitakiwa aje nazo. Nikawasindikiza mpaka kwenye mashine, kwa sababu mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mtaalamu wa mionzi alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, mvumilivu. Nikamuuliza moto unakaa wapi. Akaniambia haukai kama moto. Ni kitu kidogo kimefungwa ndani ya risasi nzito, kinatoa miale isiyoonekana, na tundu likifunguliwa miale inapita moja kwa moja.

"Sasa inajuaje kansa ilipo?"

"Haijui. Sisi ndio tunaiambia. Tunamchora mgonjwa."

Akamchora Somoe kwa wino wa zambarau: mstari chini ya kitovu, misalaba miwili kwenye nyonga, mwingine ubavuni. Daktari bingwa alikuwa amepima kwa picha na rula, na kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Kila siku mgonjwa analazwa, taa ya mashine inalinganishwa na michoro ile, halafu wote wanatoka na kumwacha peke yake. Miale ikisogea kidogo tu inachoma mahali pazima na kuuacha ugonjwa.

"Mama, wino huu hausuguliwi," yule kijana akamwambia. "Oga, lakini hapa mwagia maji tu. Ukifutika tunaanza upya."

Somoe akauliza la maana kwake: ataswali vipi? Bakari akaenda msikitini Mbagala kuuliza. Shehe akamjibu kwamba wino hauzuii maji kufika mwilini, mwagia tu, usisugue, swala yako ni sahihi. Walifurahi kama wamepewa zawadi. Kwa hiyo dini haikuwa na tatizo na michoro. Tatizo lilitoka kwingine, na lilitoka kwa wema.

Bakari alirudi Njinjo nami kwa sababu nguruwe walikuwa wanamaliza muhogo. Somoe akabaki anachomwa mionzi kila siku ya kazi. Habari zikaja kwamba damu imekata. Daktari wetu akafurahi. Matibabu yalikuwa yanakaribia mwisho, imebaki kama wiki moja hivi, nilipopata safari nyingine ya Dar nikampitia Bakari. Redio ikapeleka habari, Mbagala wakajua kwamba mume anakuja.

Ninyi vijana wa siku hizi huenda hamjui. Kwetu pwani mke anayetarajia mume aliyekuwa mbali hampokei mume hivi hivi. Wanawake wa nyumba wanamkalisha, wanamsugua singo: liwa, karafuu, mawaridi yaliyokaushwa, vinatwangwa na kukandwa na marashi, halafu mwili wote unasuguliwa mpaka ngozi inakuwa laini na inanukia nyumba nzima. Ni heshima kwake. Kumwacha mkwe wako apokee mume bila singo ni kumwambia hatukukujali.

Bi Mwajuma akatwanga mwenyewe.

Tulipofika Jumamosi alasiri, nilisikia harufu ya karafuu tangu kwenye mlango wa uani. Somoe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kavaa kanga mpya, wanja machoni, amekonda lakini anang'aa. Bakari alisimama mlangoni. Halafu akaenda akakaa karibu naye, karibu kabisa, bega kwa bega, akanusa kanga yake mbele yetu wote bila haya. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje nikakagua oili isiyohitaji kukaguliwa.

Jumatatu nikawapeleka hospitali. Yule kijana wa miwani akaingia naye, na mara akatoka.

"Alama ziko wapi?"

Tukatazamana.

"Mama, alama ziko wapi?"

Bi Mwajuma, aliyekuja kusindikiza, akajibu kwa kujiamini, "Tumezitoa. Mumewe kaja, mwanangu. Atamkutaje kachorwachorwa kama gunia la korosho lililopigwa muhuri?"

Kijana akavua miwani. Hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba. Akasema daktari bingwa anayepima yuko mkoani, atarudi wiki ijayo, na bila yeye hawezi kumlaza chini ya mashine. Bi Mwajuma akaanza kulia palepale kwenye benchi, anajipiga kifuani, "Nimemuua mtoto wa watu kwa karafuu." Bakari akamshika mabega. "Shangazi, umempendezesha mke wangu. Nani amekwambia ni kosa?"

Mimi nilikuwa na hasira na swali. Nilimfuata Somoe kwenye gari.

"Shemeji, wewe uliambiwa. Kwa nini uliwaacha?"

Alijifunga kanga yake vizuri kwanza.

"Miezi yote hii silali karibu na Baba Zuhura kwa sababu ya harufu," akasema. "Yeye hajawahi kugeuza uso, hata siku moja. Mimi ndiye nageuka, nisimwone anajikaza. Nilitaka siku moja tu awe karibu yangu bila kujikaza. Nikajua wino unatoka, shemeji. Nikasema watachora tena."

Na kweli walichora tena. Bingwa alirudi, akapima upya, wino mpya ukaenda mahali pake. Lakini wagonjwa walioanza siku moja na Somoe walikuwa wamemaliza na kuaga. Yeye akapigwa mionzi siku mbili, na siku ya tatu mashine ikanyamaza. Kifaa chake kinatoka ng'ambo, wakaambiwa. Nilipokuja kuwachukua, yule kijana akampa Bakari kichupa cha wino ule.

"Nendeni nyumbani, tutaita kwa redio. Alama zikififia, pitisha wino juu yake hivyo hivyo, usizisogeze. Mama, safari hii hata mfalme akija usisuguliwe."

"Mfalme gani," Somoe akasema, "atapanda gari la Mmwera?"

Tangu siku ile, kila nilipomshusha mgonjwa wa mionzi kwenye nyumba anayofikia, sikuishia mlangoni. Niliingia, nikasalimu, shikamoo mama, nikaomba wanawake wote wa nyumba waje, na nikaeleza habari ya wino mbele yao, hata kama walinicheka mimi mwanaume ninayehubiri mambo ya kuoga. Kumweleza mgonjwa peke yake hakutoshi. Mgonjwa ni mgeni, na mgeni hawezi kukataa wema.

Mvua zilianza mapema mwaka ule. Nilikuwa nafika Njinjo na chanjo barabara inaporuhusu, na kila nikifika napita kwao. Bakari alikuwa ameacha shamba kwa ndugu zake. Kazi yake ilikuwa moja. Asubuhi anapasha maji, anamkalisha Somoe kwenye kigoda nyuma ya ua wa makuti, anampangusa kwa kitambaa laini. Alijua mwili ule kama mimi nilivyoijua barabara ya Muhoro: hapa unapita, hapa unazunguka, hapa unamwaga tu na kusubiri maji yateremke yenyewe. Kila siku chache anachukua njiti ya kiberiti yenye pamba, anachovya kwenye kichupa, anapita juu ya mistari ile pole pole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Vidole vyake vikawa vya zambarau. Wakati ule tulikuwa tumeanza uchaguzi wa vyama vingi, na watu wa Njinjo wakamtania kwamba Baba Zuhura amepiga kura peke yake, na kwa vyama vyote.

"Nimempigia mmoja tu," alisema.

Lakini damu ilikuwa imerudi. Maumivu nayo. Dawa kali ya maumivu ilikuwa haifiki kwetu, tulikuwa na vidonge vya kichwa. Somoe utani ulipungua, halafu ukawa wa neno moja moja.

Redio ikaita. Mashine imepona, leteni wagonjwa. Mvua ilikuwa inanyesha daktari aliponiambia. Nikamtazama, akanitazama, akasema, "Jaribu."

Nilifunga minyororo kwenye matairi, nikabeba jembe, panga, mbao mbili na vijana wawili wa kusukuma. Njinjo nilimkuta Somoe ameshavishwa, kichupa cha wino kimefungwa kwenye pindo la kanga ya Bakari. Tulikwama kwenye sehemu tusizojua majina yake. Mahali pengine tulimshusha mgonjwa na godoro lake, tukamfunika turubai, gari likavutwa, tukampakia tena. Sikuwa na haja ya kusema jikaze, barabara yote ilikuwa ni jikaze. Lakini nilisema. Na kule nyuma, kwa sauti ndogo, alikuwa ananijibu, "Nimejikaza." Baadaye hakujibu, nikawa nasikia sauti ya Bakari ikimjibia.

Tulifika Ndundu. Mto ulikuwa umepanda ukaingia kwenye vibanda vya wauza samaki. Kivuko kilikuwa kimefungwa kwa minyororo ng'ambo ya pili, na miti mizima inapita katikati na mizizi yake.

"Bwana," nikamwambia mkuu wa kivuko, aliyekuwa upande wetu amekwama kama sisi, "nina mgonjwa."

"Naona. Nami nina watoto. Maji haya hayaulizwi."

Bakari akateremka akaenda kwa wenye mitumbwi. Nilimwona anaongea kwa mikono, yeye asiyeongea. Akarudi amelowa mpaka kifuani.

"Mmoja amekubali. Anasema mgonjwa akae wima, asiyumbe, mimi nimshike. Ng'ambo tutapata lori."

Nilitazama ule mto. Halikuwa langu kuamua. Bakari akapanda nyuma, akaongea na mkewe kwa Kimatumbi. Nilikuwa nimeshajifunza cha kutosha kufuata. Alikuwa anamwambia ni siku chache tu zilizobaki, mama Zuhura, siku chache, na wino uko sawasawa, nimeutunza, haujasogea hata kidogo. Alikuwa anafunua kanga kumwonyesha.

Somoe akamjibu kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie.

"Nimeuona. Umechora vizuri kuliko wao." Akapumzika. "Siwezi kukaa wima, Baba Zuhura. Utanishika wewe, nani atakushika wewe? Zuhura atazika nini?"

"Tusubiri basi. Maji yatashuka."

"Yatashuka. Mimi niyasubiri nyumbani. Nirudishe wakati bado naijua njia." Halafu akaniita. "Mmwera."

"Naam, shemeji."

"Rudi polepole. Sina haraka tena, na wewe usiwe nayo."

Bakari alibaki ameshika ukingo wa machela. Kisha akaketi pale pale alipokaa siku zote, akatia kiganja chini ya kiuno chake. Nikageuza gari. Siku ile niliendesha kama nabeba mayai ya nchi nzima. Jikaze. Pumua. Hakuna aliyejibu, ila kwenye kioo nilimwona Bakari ananyanyua na kushusha, ananyanyua na kushusha.

Vijana, mtaombwa siku moja mgeuze gari. Mafunzo yenu hayana somo hilo. Usibishane na mgonjwa, wala usimpe moyo wa uongo. Geuza, na safari ya kurudi iendeshe vizuri kuliko ya kwenda.

Mvua hazikuisha kabla yake. Nilipofika tena Njinjo na masanduku ya chanjo niliona watu wamekaa nje ya nyumba yao, wanaume upande mmoja, na nikajua. Alikuwa amezikwa jana yake. Kama mtani ilinipasa niingie na fujo, nidai chakula, nimseme marehemu kwamba ametukimbia na ana deni letu la utani. Nilifungua mdomo, sikupata neno. Mzee mmoja akasema, "Mmwera leo amekatika breki," na huo ndio ukawa utani wa msiba.

Bakari alinichukua pembeni, tukakaa kwenye mbao za gari. Akanieleza mwenyewe, bila kuulizwa.

Wanawake walipoingia kumuosha, alisimama mlangoni. Wakamwambia, Baba Zuhura, hii kazi ni ya wanawake. Akamgeukia shehe akamuuliza, mume haruhusiwi kumuosha mkewe? Shehe akasema anaruhusiwa. Akaingia, akabaki na mama mmoja wa kumwagia maji.

"Nilianza kama kawaida," akasema. "Mkono wenyewe ukazunguka. Nikafika kwenye kitovu nikazunguka, nyonga nikazunguka. Yule mama akaniuliza, mbona hapo unaruka? Nikasimama. Kweli, naruka nini?"

Alitazama miguu yake.

"Nikatia sabuni. Nikausugua ule mstari wa kitovu. Ulikuwa mgumu, dereva, niliuchora vizuri mno. Nikasugua mpaka ukaisha. Nikaenda wa nyonga. Yule mama akasema inatosha, wino hauna ubaya, shehe alishasema. Nikamwambia mwagia tu maji, bado kuna wa ubavuni. Nikamtia karafuu na marashi, mengi. Nikamkaribia kabisa nikamwambia, sasa tayari, mama Zuhura, huna alama hata moja."

Watoto wa chanjo walikuwa wananingojea zahanati. Nikasimama, nikampa mkono. Akanipa wake, na aliposhika wangu nikaona ngozi ya vidole imetakata kabisa, lakini ndani ya kucha, pale ambapo sabuni haifiki, zambarau ilikuwa bado ipo.